Uzi: Mohamed Amin wa Camerapix, alivyofanya kazi ya picha za habari zaidi ya miaka 30 na kwanini picha zake hazijapotea

Mleta uzi:

Wakuu habari za jioni. Naona kila wiki humu vijana wanauliza nianze upiga picha wa habari na kamera gani, ninunue lenzi gani, na wanajibiwa vizuri tu. Ila hakuna anayeuliza hii kazi mtu anaishije nayo maisha yake yote, analipwaje, anafikaje kwenye tukio kabla ya wenzake na picha zake zinakwenda wapi akishakufa. Leo nataka tuongee hayo kupitia mtu mmoja, Mohamed Amin, wengi wanamwita Mo. Mimi huyu mzee namheshimu sana na nitasema kwanini.

Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, Agosti 1943, familia ya Kipunjabi, baba yake alikuwa mtu wa reli. Familia ikahamia Dar es Salaam na huko ndiko alikosomea. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie, lile boksi la Kodak lisilo na mambo mengi. Mwaka 1963 akiwa hajafikisha hata miaka 21 akafungua kampuni yake hapo hapo Dar akaiita Camerapix, baadae ndo akahamia nayo Nairobi. Hapo kwenye kampuni naomba mpashike maana ndo msingi wa kila ninachotaka kusema. Huyu hakusubiri gazeti limwajiri limpe kitambulisho na kamera ya ofisi, alianza na jina lake, stoo yake na mafaili yake.

Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yanatokea, yeye yupo upande wa pili wa maji, anavuka. Amepiga picha za siku zile ambazo hadi leo vitabu na filamu vikitaka kuonyesha Zanzibar ya mapinduzi vinaenda kugonga hodi Camerapix. Na Zanzibar hiyo hiyo ikamtia ndani mwaka 1966, akafungwa gereza la Kiinua Miguu karibu mwezi mzima na aliteswa. Alipotoka hakubadilisha kazi.

Tulio wadogo lazima tuelewe kazi ilikuwaje enzi hizo. Mtu anakwenda na kamera ya filamu ya 16mm kwa ajili ya televisheni na kamera ya picha za mnato shingoni, tukio ni moja lakini anahudumia zote mbili, maana televisheni inalipa na magazeti nayo yanalipa. Halafu filamu lazima ifike London. Hakuna intaneti wakuu, mkebe wa filamu unaupeleka uwanja wa ndege mwenyewe, unatafuta ndege ya usiku huo, ukikosa unamtafuta abiria mwaminifu umpe mkononi. Picha nzuri iliyochelewa siku mbili ilikuwa haina bei. Kwahiyo mpiga picha alitakiwa ajue ratiba za ndege kuliko wakala wa tiketi, amjue mtu wa forodha, amjue karani wa mizigo, na Mo hayo aliyamudu kupita kiasi. Watu wanaomsifia jicho wanasahau miguu na simu.

Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi mchana, Tom Mboya anapigwa risasi akitoka duka la dawa la Chhani's pale Government Road, Nairobi, ambayo sasa ni Moi Avenue. Mboya alikuwa na miaka 38. Mo akafika na kamera wakati bado wanahangaika kuokoa maisha yake. Filamu ile ikampa tuzo Uingereza ya mpiga kamera bora wa televisheni mwaka huo. Na hapa nasema kitu kutoka moyoni, ile filamu sio tuzo tu, ni ushahidi. Kenya iliyolia siku ile inaonekana mle, sura za watu, hofu. Bila yule mtu kufika mapema tungebaki na maneno matupu.

Naendelea na Ethiopia chini, nipeni muda.

Wa Eastleigh:

Asante sana kwa huu uzi brathe. Sisi tuliokulia section one tulikuwa tunaambiwa kuna mtu wa hapa alionyesha dunia Ethiopia, lakini shule hakuna mwalimu alitufunza. Watoto wanajua wachezaji wote wa Arsenal na hawamjui huyu. Usisahau pia Priya Ramrakha, huyo naye ni wa Nairobi, alizaliwa 1935, alipigia picha majarida ya Marekani ya Life na Time, akauawa kwenye vita vya Biafra, Nigeria, Oktoba 1968 akiwa kazini. Naomba umguse kidogo.

Mleta uzi:

Nitamgusa, tena ana nafasi kubwa kwenye hoja yangu.

Sasa 1984. Watu wengi wanadhani Mo alikuwa anapita tu Ethiopia akakuta njaa akapiga picha akapata umaarufu. Sio hivyo hata kidogo. Njaa ilikuwa imeshaanza muda mrefu kaskazini, Wollo na Tigray, mvua zimekata na vita vinaendelea, na serikali ya Mengistu mwezi Septemba ilikuwa inasherehekea miaka 10 ya mapinduzi yake Addis Ababa na haikutaka waandishi wakazunguke huko juu. Vibali vilikuwa vigumu kuliko kawaida. Mo alikuwa na watu Addis aliowajenga kwa miaka, wizarani, uwanja wa ndege, kwenye mashirika ya misaada, na ndio hao waliofanya Oktoba ile yeye na Michael Buerk wa BBC wakafika Korem na Mekele. Buerk ana maneno mazuri sana, hilo halipingwi, lakini kibali na njia vilipita kwenye mikono ya Mo.

Taarifa ikaruka BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Mwenye moyo aitafute aangalie mwanzo wake. Kamera haikimbii. Alfajiri, baridi ya nyanda za juu, moshi, watu wamejifunika mashuka wametanda mpaka macho yanapoishia, na kamera inapita taratibu juu yao bila haraka halafu inatulia kwa mtu mmoja mmoja. Mtu asiyejua kazi angeruka ruka kutafuta mtoto aliyekonda zaidi. Mo anakuonyesha kwanza wingi wao, unapigwa na ule ukubwa, ndipo anakusogeza usoni. Huo uamuzi anaufanya ndani ya sekunde akiwa amesimama katikati ya watu wanaokufa, sijui niuelezeeje zaidi ya kusema ule ni ufundi wa mtu aliyeshika kamera miaka 20 na bado ana huruma.

Vituo zaidi ya 400 duniani vikairusha. Mwanamuziki Bob Geldof akaiona nyumbani kwake, ndipo ikaja Band Aid, wanamuziki waliorekodi wimbo wa kuchangia wenye njaa, na Julai 13, 1985 tamasha la kuchangisha la Live Aid, London na Philadelphia siku moja.

Mdau wa Iringa:

Mkuu uzi mzuri ila naomba nipinge kidogo. Hizo picha za 1984 ndizo zilizotuharibia sura Waafrika. Mpaka leo ukienda Ulaya mtu anakuuliza kama kwenu kuna chakula. Na kingine, zile picha zilionyesha ukame tu, hazikuonyesha kwamba serikali ilikuwa inapigana na watu wake na kuwahamisha kwa nguvu kuwapeleka kusini. Wale madaktari wa Ufaransa, MSF, walipolisema hilo walifukuzwa nchini mwishoni mwa 1985. Sasa picha isiyosema chanzo inasaidia nini?

Mleta uzi:

Mdau umeongea jambo zito na sitalikwepa. Sehemu ya vita uko sahihi kabisa, waliochangia pesa London wengi waliamini ni mvua tu imegoma, na hilo lilimsaidia Mengistu. Picha haina uwezo wa kueleza sera ya kuhamisha watu, hiyo ni kazi ya mwandishi na mhariri, na wao wengi walichagua hadithi nyepesi.

Ila kwenye sura ya Afrika sikubaliani na wewe. Aliyeharibu sura ni yule aliyeichukua picha ya Korem ya mwezi mmoja akaitumia miaka 40 kuelezea bara zima. Mpiga picha alionyesha Korem siku ile. Angeacha? Wale watu walikuwa wanakufa kimya na serikali yao ilitaka iwe kimya. Na angalia Mo huyo huyo kazi zake nyingine, amepiga Hija ya Makka na kuitolea kitabu 1978, amezunguka Ziwa Turkana, ana vitabu vya safari za Kenya, Tanzania, Pakistani na kwingine, wanyama, sherehe, masoko, marais, mbio za magari za Safari Rally. Kama wahariri wa nje walichagua kununua njaa tu, mafaili yake yalikuwa na kila kitu.

Binti wa Ngamiani:

Shikamooni wakubwa. Mimi naomba kuuliza, yule mtoto wa Ethiopia aliyepandishwa jukwaani na Madonna akiwa mkubwa, ni kwenye picha za huyu Mo?

Mleta uzi:

Hapana dada, hapo wengi wanachanganya. Yule ni Birhan Woldu, alipigwa filamu na watu wa CBC ya Canada, timu ya Brian Stewart, mwaka ule ule 1984. Filamu ya CBC ndiyo iliyoonyeshwa Live Aid watu wakalia uwanja mzima, na 2005 Birhan akasimama jukwaani Live 8 pale Hyde Park. Kila mtu apewe haki yake, na hao wa CBC walifanya kazi kubwa.

Sasa tuingie kwenye gharama yake. Juni 1991, waasi wa EPRDF wameingia Addis siku chache tu nyuma, ghala la silaha likalipuka. Mo na Buerk na wenzao wakakimbilia kule na mlipuko mwingine ukawakuta. Fundi wa sauti John Mathai, Mkenya, akafa pale pale. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Kwa mpiga kamera ya begani mkono wa kushoto ndio unaozungusha lenzi, kila mtu alijua amekwisha. Akaenda Marekani akatengenezewa mkono wa bandia wa kielektroniki, akafanyiwa marekebisho mpaka aweze kushika kamera, na akarudi kazini. Jina la John Mathai naomba msiliruke. Kila picha kubwa ina mtu wa sauti, dereva, mkalimani, na wao wakifa habari inakuwa mstari mmoja.

Ndio maana Mogadishu 12 Julai 1993 mimi nawataja wote wanne. Helikopta za Marekani zilikuwa zimeshambulia nyumba wanayokutana wazee, raia wakauawa, waandishi wakaenda kuonyesha kilichotokea, umati wenye hasira ukawageukia. Dan Eldon alikuwa na miaka 22, Hos Maina, Anthony Macharia, wote wa shirika la habari la Reuters kutoka Nairobi, na Hansi Krauss wa shirika la AP. Dan ndiye anayetajwa zaidi, kijana mwenye kipaji kweli, lakini Maina na Macharia nao walikuwa watoto wa watu na walikwenda kwa hiari kufanya kazi ile ile.

Mdau wa Iringa:

Hapo umenigusa. Sisi huku tunaye Daudi Mwangosi wa Channel Ten, 2 Septemba 2012 kijiji cha Nyololo, Mufindi. Aliuawa mikononi mwa polisi mchana kweupe. Kama kusingekuwa na picha zile zinazomuonyesha amezungukwa na askari, sijui habari ingeandikwaje. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016. Aliyepiga zile picha alikuwa amesimama hatua chache tu na angeweza kukimbia. Nakubali hoja yako ya ushahidi.

Wa Eastleigh:

Na Kenya 2007 na 2008, Boniface Mwangi. Alipiga zile picha za vita vya baada ya uchaguzi, mapanga, nyumba zinawaka, akashinda tuzo ya CNN MultiChoice ya wapiga picha Afrika mara mbili, lakini kilichonishangaza ni alichofanya baadae. Alizitoa picha kwenye magazeti akazipeleka barabarani, Picha Mtaani, maonyesho yanazunguka miji, watu waliopigana wanakuja wanasimama mbele ya picha moja. Mimi nilienda nikaona mzee analia, na vijana wanabishana pole pole bila kupigana. Hapo nilielewa picha inaweza kurudishwa kwa wenyewe.

Lakini nina uchungu wangu. Mjomba wangu alipigia gazeti moja kubwa picha miaka na miaka, silitaji jina. Walipohama ofisi negativu, zile filamu zenyewe zinazosafishiwa picha, zilitupwa. Alienda kuulizia akaambiwa hakuna kitu, na mkataba ulisema zote ni mali ya kampuni. Alistaafu bila hata bahasha moja ya kazi yake, akiwaambia wajukuu nilikuwepo siku fulani hana cha kuwaonyesha.

Mleta uzi:

Pole sana, na mpe pole mjomba. Hicho ndicho kilichonifanya nifungue huu uzi, sasa nimalizie hoja yenyewe.

Mo alifariki 23 Novemba 1996. Alikuwa anarudi Nairobi kutoka Addis kwa ndege ya Ethiopian, safari namba 961, yuko na mwenzake Brian Tetley, yule mwandishi aliyemwandikia maneno ya vitabu vingi. Watekaji watatu wakamlazimisha rubani Leul Abate aende Australia, mafuta yakaisha, Boeing 767 ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Abiria na wahudumu 175, walikufa 125. Walionusurika wamesimulia kwamba Mo alisimama akawa anaongea na watekaji hadi mwisho. Alikuwa na miaka 53.

Sasa mfananisheni na Priya Ramrakha. Kipaji cha hali ya juu, alisoma Los Angeles, miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kabisa kuajiriwa na Time na Life, alipiga Mau Mau, uhuru wa nchi zetu, Aden, Congo, Biafra. Akauawa 1968 na akasahaulika kabisa, na picha zake nyingi zikakaa kwenye gereji moja Nairobi miaka karibu 40 mpaka ndugu yake Shravan Vidyarthi alipoanza kuzitafuta, akazikuta, akatengeneza filamu na baadae kitabu. Miaka 40 wakuu! Gereji ingevuja tu siku moja ya masika, tusingekuwa na Priya.

Mo alipokufa, Camerapix ilibaki, kabati zikabaki, mtoto wake Salim Amin akashika. Kila roli ya filamu ina namba, tarehe na mahali. Aliuza haki ya kutumia, negativu hakuuza. Alipopigia Visnews, shirika la habari za televisheni la London, kazi ya televisheni, picha za mnato zilikuwa zake. Nampenda zaidi kwa hili kuliko hata kwa Korem, kwa sababu ujasiri wengi wanao, tena wanakufa nao, lakini kukaa usiku umechoka umetoka vitani halafu unaandika kwenye bahasha nani yuko kulia nani yuko kushoto, hiyo ni imani kwamba kuna mtu atakayekuja kuuliza. Picha isiyo na jina wala tarehe ni kama barua isiyo na anwani, unaishika mkononi na hujui umpelekee nani.

Kijana unayeanza, kabla ya lenzi soma mkataba. Uliza haki inabaki kwa nani, kwa miaka mingapi, na gazeti likiuza picha yako nje wewe unapata nini. Sheria zetu za hakimiliki zinamlinda mtunzi lakini aliyeajiriwa kazi yake mara nyingi inahesabika ni ya mwajiri isipokuwa mmekubaliana vingine kwa maandishi. Basi kubalianeni kwa maandishi.

Binti wa Ngamiani:

Kaka umenishtua kweli. Marehemu baba alikuwa na studio hapa Tanga, na mikutano ya siasa na mambo ya bandari na mashamba ya mkonge alikuwa anaitwa kupiga. Tuna sanduku la bati limejaa negativu, tukilifungua linatoa harufu kali kama siki mpaka macho yanawasha. Mama anataka lichomwe anasema ni sumu. Tufanyeje?

Mleta uzi:

Dada msichome, tafadhali sana. Mwambie mama nimemwamkia na namuomba asubiri.

Hiyo harufu ya siki ni filamu ya asetati, aina ya plastiki iliyotumika kutengenezea filamu, inaoza, joto na unyevu wa pwani ndio unaichochea, na mvuke wake unaambukiza zile nzima zilizo jirani. Kwahiyo toeni kwenye bati nje penye hewa lakini sio juani, mvae barakoa na glovu. Tenganisha mafungu mawili, zinazonuka na zisizonuka, zisirudi pamoja tena. Zilizojikunja usizinyooshe kwa nguvu zitapasuka. Weka kwenye bahasha za karatasi, plastiki hapana, na ziwe chumba chenye ubaridi na kikavu zaidi mlichonacho, sio darini.

Za kuskani kwanza ni zinazonuka lakini bado hazijajikunja, maana hizo ndizo zinaondoka. Kama skana hamna, weka simu au laptopu yenye mwanga mweupe chini, juu yake kioo safi, negativu juu ya kioo, piga kwa kamera nzuri halafu geuza rangi kwenye programu. Sio bora kama skana lakini inaokoa. Nakala moja weka kwenye diski, nyingine kwa ndugu nyumba tofauti.

Halafu, na hili lifanyike hata kabla ya kuskani, kaa na mama na wazee waliofanya kazi na baba, muangalie moja moja kwenye mwanga, kila anayetambulika andika kwa penseli kwenye bahasha, jina, mahali, mwaka hata kwa kukisia, na uandike nani aliyekwambia. Msiyemjua andikeni hajulikani msonge mbele.

Binti wa Ngamiani:

Ahsante sana kaka. Mama amekubali. Jumamosi shangazi anakuja kutoka Pangani, yeye ndiye alikuwa anamsaidia baba kusafisha filamu. Tutaanza na za mkonge.

Mleta uzi:

Vizuri sana. Shangazi akija muulizeni pia daftari la wateja la studio liko wapi, mafundi wengi wa zamani walikuwa wanaandika namba ya roli na jina la mteja. Mkilipata hilo nusu ya kazi imeisha. Mkikwama kwenye kugeuza rangi niandikie hapa hapa nitakuelekeza hatua kwa hatua.